Gesi Inayobaki Ndani ya Bomba

Ilongero,
12 Mei 1998.

Mdogo wangu Selina,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla ya kufungua bahasha. Homa imekuachia? Hapa tu wazima, isipokuwa goti la mama. Uwele umekomaa, na wifi yako Martha anakusalimu sana.

Watu wengi hukosea kudhani kwamba ule utando mwembamba wa kusafishia gesi, uliotuletea wakati wa Pasaka, ni chekecheke. Wifi yako aliuinua juani akauliza matundu yako wapi, na kama ungefaa kwa unga wa uwele. Ulicheka kuliko sisi wote. Kisha ukaeleza kwamba gesi asilia hutoka ardhini imechanganyika na hewa ya ukaa, ambayo haiwaki, na ikikutana na maji hula mabomba. Hewa hiyo huyeyuka ndani ya utando, ikapenya upesi na kutokea upande wa pili. Gesi inayowaka hubaki ndani ya bomba.

Mama aliniuliza kama ni kweli. Nikakubali, ila nikasema umesahau kuwa gesi njema kidogo nayo hupenya ikapotea. Ukajibu kwa upole kwamba mitamboni hupitishwa kwenye utando wa pili ili kuirudisha. Jirani yetu Alute akapiga makofi, akasema leo mwalimu kapata mwalimu. Nikatoka kwenda kutazama ng'ombe, ingawa walikuwa wameshafungiwa.

Nimefundisha kemia maisha yangu yote nikichora vifaa ubaoni, kwa kuwa havikuwepo. Nawe nilikufundisha hivyo hivyo. Sasa kampuni binafsi zimeingia, nawe unashika mkononi kitu nilichokisoma tu kwenye jarida kuukuu. Nikawa najifariji zizini kwamba kinachoondoka ni uchafu, kinachobaki ndicho chenye moto. Kemia sahihi, faraja mbovu.

Tangu baba afariki, mama hamruhusu mtu wa nyumba hii kwenda kazi ya mbali bila neno langu. Kampuni ya gesi inakutaka kazini Dar es Salaam Jumatatu ijayo. Alipokukataza ukadhani ni woga wake. Selina, ni mimi. Nilimwambia mitambo ile hulipuka kila mara na kwamba utarudi ndani ya sanduku. Alilia, nami nikamwacha alie. Ulikuwa wivu, na bado ninao ninapoandika. Hata kile kipande cha utando ulichokitafuta hakikupotea. Kiko chini ya mto wangu, na sikirudishi.

Asubuhi hii nilimweleza mama ukweli. Alinigombeza kwa Kinyaturu, maneno niliyoyasikia mara ya mwisho nikiwa mchunga ndama. Kisha akajaza kibuyu maziwa ya mgando, akakibariki kwa ajili ya safari yako. Alute, anayekuletea barua hii, anacho. Yanywe mpaka yaishe, kama anavyotaka mama.

Wasalimie baba mdogo na wote hapo mjini. Leo hii nenda stendi ukakate tiketi.

Kaka yako,
Gaspari