Baba, Darasa Langu Lina Jikoni

Hyattsville, Marekani, Jumapili mchana

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza barua yako kwa namna nyingine. Hukuwahi kunijibu barua bila kunirundikia maswali, na tangu tukuzike hakuna anayeniuliza chochote cha maana. Hapa watu wananiuliza kama nahisi baridi. Mimi, mtoto wa baridi ya Njombe!

Basi maswali nitajiuliza mwenyewe kwa niaba yako.

La kwanza nalijua: fasihi ya Wamarekani, unawafundishaje Wamarekani wenyewe? Uliniuliza hivyo siku niliyokupigia kukuambia nimepata kazi sekondari, ukacheka mpaka ukakohoa. Bado nawafundisha, Baba. Mwezi wa tisa tunaanza na mahubiri ya wale waliokuja kwa meli wakiogopa moto wa jehanamu. Tunapita kwa watumwa waliojifunza kusoma kwa kujificha, tunaingia vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, na shule inapokaribia kufungwa tunakuwa tumefika siku hizi. Zaidi ya karne tatu kwa mwaka mmoja. Hapo katikati watoto wanasinzia. Wengine wanafanya kazi madukani jioni, siwalaumu sana.

Nikajiuliza, Baba angefanyaje? Ndipo nikakumbuka ule wasifu wa marehemu.

Mtu akifa mtaani kwetu, hata turubai halijafungwa, mtoto ameshatumwa: mwiteni mwalimu aje aandike wasifu. Unaingia na peni yako nyuma ya sikio, unauliza watu mpaka wanakereka. Alipenda kula nini? Pombe ya ulanzi alikuwa anainywea kwa nani? Aligombana na nani, na walipatana? Mama alikuwa anakunong'oneza, "Mwalimu, watu wana msiba, wewe unawahoji." Ukishaandika, huendi kwa mchungaji kwanza. Unaenda jikoni, kwenye moshi, kwa wakinamama wanaosonga ugali wa waombolezaji. Unawasomea mwanzo mpaka mwisho, halafu unauliza: "Nani sijamtaja?"

Nilikuwa nakufuata nyuma nikishangaa. Walikuwa na majibu siku zote. Mtoto wa nje. Jirani aliyemuuguza. Unaandika umeinama, machozi ya moshi yanakutiririka, na waliokuwa wanatoka kulia wanadhani nawe unalia.

Sasa darasani kwangu kila tukimaliza kipindi kimoja cha historia tunakizika. Wanafunzi wanaandika wasifu wake: kilizaliwaje, nani alikilea, kilipenda nini, kiliogopa nini, kimeacha watoto gani. Yote wayatoe kwenye maandishi ya kipindi hicho, si vichwani mwao. Mmoja anasimama mbele anasoma. Na vile viti vya nyuma, karibu na dirisha, nimeviita jikoni. Anayekaa pale haandiki. Anasikiliza, kisha anasema nani hakutajwa, na sisi wengine tunarudi vitabuni kumtafuta. Tukimkosa, tunauliza kwa nini amekosekana. Hapo ndipo hawasinzii tena. Ungewasikia wanavyolitamka hilo "jikoni", ungekohoa tena kwa kicheko.

Yupo binti mmoja, Mumbi, mama yake ni nesi kutoka Nyeri. Kiswahili anakielewa chote ila anakujibu kwa Kiingereza. Aliniambia, "Mwalimu, at home jikoni is where I wash dishes. Here I get to judge people." Nikamwambia asijione hakimu hapa, vyombo vya nyumbani bado vinamsubiri.

Lakini mwezi wa pili mambo yaliharibika. Mzazi mmoja aliandika kwa mkuu wa shule kuuliza kwa nini mgeni mwenye lafudhi ndiye anayemfundisha mwanawe fasihi ya nchi yake, tena kwa mambo ya mazishi. Mkuu wa idara yetu akaniita. Huyu ni mama wa makamo, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Washington yenyewe hapa jirani, na hacheki ovyo. Akasema atakuja kukaa darasani kwangu, na baada ya hapo ataamua kama mwakani somo hili nibaki nalo au apewe mwingine, mimi nihamishiwe wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Nao ni watoto wazuri. Lakini Baba, nililitaka hili somo.

Siku yenyewe tulikuwa tunazika kile kipindi cha baada ya vita kuu ya kwanza, magari mapya, muziki, karamu zisizokwisha. Yule mama akaingia kimya kimya, akaangalia penye nafasi, akaenda kukaa jikoni. Hakujua! Nami sikuweza kumnyanyua mbele za watu. Nikasema moyoni, labda watoto watamwacha.

Wapi. Kijana akamaliza kusoma wasifu wake, mzuri kweli, umejaa vilio vya tarumbeta na viatu vya kuchezea dansi, halafu Mumbi akageuka mzima mzima na kumwambia yule mama, "Ma'am, you're in jikoni. Who's not mentioned?"

Darasa zima likageuka. Mimi nilishika chaki nikaivunja. Yule mama akanitazama, akawatazama, akaweka kalamu chini. Kisha akauliza, taratibu: baada ya karamu zote hizo, glasi alikuwa anaziosha nani?

Akasema bibi yake aliosha glasi katika nyumba za wakubwa wa Washington tangu usichana wake, na katika miaka yote aliyofundisha vitabu vile hajawahi kumtafuta humo ndani. Watoto wakaanza kufunua kurasa bila hata kuambiwa. Mmoja akapiga kelele, "Found a tray!" Mkono ulioshika sinia, mstari mmoja, bila jina. Yule mama akainuka kwenda kuusoma mwenyewe, ameinama juu ya dawati la mtoto. Nilikuona wewe, Baba. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa napimwa.

Somo nimebaki nalo. Nilimweleza koridoni kwamba jikoni nimeirithi kwako na kwamba umefariki, akaniambia, bila kutabasamu, kwamba mwakani nisianzie kwenye meli, kwa sababu kuna wenyeji waliokuwa wanasimulia hadithi ufukweni kabla meli hazijatia nanga. Sikuwa nimewataja. Kisha, akiwa ameshageuka kuondoka, akaniuliza: na wasifu wa baba yako, ulisomwa jikoni?

Haukusomwa. Siku ya mazishi yako nilikaa mbele, chini ya turubai, nimemshika Mama. Mwalimu mkuu wa shule yako alisoma kwamba ulizaliwa, ukasoma, ukafundisha, umeacha mjane na watoto watano. Basi. Wa kuupeleka jikoni ulikuwa wewe.

Jumamosi nikanunua kadi ya simu, nikapiga ofisi ya usharika, wakaenda kumwita Shangazi Yustina, dada yako. Si siku zote za msiba alikuwa huko kwenye moshi akipakua? Nikamsalimia, nikamuuliza: Shangazi, kwenye wasifu wa Baba, nani hakutajwa?

Akasema, "Mimi."

Hakusema kwa uchungu. Akanieleza kwamba yeye ndiye aliyeanza shule, na alikuwa anashika namba ya kwanza. Babu alipougua, shamba la pareto likahitaji mtu, na wewe ulikuwa mdogo. Akatoka yeye darasa la nne ili wewe uingie. Jioni ulikuwa unamsomea uliyofundishwa, naye anakuuliza maswali.

Kumbe ni yeye, Baba! Yale maswali yote ni ya kwake. Ulipokuwa unaingia jikoni na karatasi zako, ulikuwa unamwendea yeye? Na alipowataja watu wote wale, hukuwahi kumuuliza habari zake mwenyewe? Sikushitaki. Nataka tu kujua, na sitajua.

Pumzika, Baba. Shule ikifungwa nakuja Njombe. Sitaanzia kaburini, utanisamehe. Nitaanzia jikoni kwa Shangazi, na peni nyuma ya sikio, na tukimaliza nitakuja kukusomea wasifu wako upya. Mstari wa kwanza nimeshauandika: Alikuwa mdogo wake Yustina.

Mwanao,
Upendo