Mama Makena, Lile Jina Nililokunyima

Mama Makena,

Ni mimi Njeru, askari wa dawati la ripoti. Mwembu wako, mgeni kutoka Embu. Ulipenda kuniita hivyo mbele ya watu, "huyu Mwembu wangu," kana kwamba ulininunua sokoni pamoja na viazi.

Siku ya mazishi nilishindwa. Nilisimama kando ya kaburi na sare yangu, kofia kwapani, na mchungaji aliponiita niseme neno kwa niaba ya kituo, nikasema ulikuwa mfanyakazi mzuri, nikaketi. Mfanyakazi mzuri! Miaka mitano nimekunywa chai yako, na hayo ndiyo maneno niliyopata.

Nyumbani kwako wako salama. Makena alipita kituoni juzi kunisalimia. Alicheka kitu fulani, sikumbuki nini, nikageuka haraka kuangalia mlangoni. Ana kicheko chako, mama. Kilekile cha kushtua watu.

Lakini kuna jambo ambalo mimi na wewe hatukuwahi kulizungumza hadi mwisho. Kananu. Niache nilisimulie jinsi lilivyokuwa upande wangu wa kaunta, kwa sababu upande huo hukuuona wote.

Ulikuja mwaka ule wa ukame, asubuhi, viatu vyeupe kwa vumbi. Sikukujua. Ulijitambulisha kuwa ofisa wa ustawi wa jamii, ofisi ya ng'ambo ya barabara. Ukasema una mwanamke mmoja kwenye daftari lako la mahindi ya msaada, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ila akili yake inakwenda polepole. Zamani alikuwa akija kuchukua mahindi mwenyewe, anaimba njia nzima. Sasa miezi mitatu anakuja binamu yake kuchukua kwa niaba yake, na kila akiulizwa Kananu yuko wapi, anasema ana homa. Ukaniuliza, "Afande, hilo jina limewahi kuletwa hapa?"

Lilikuwa limeletwa. Wiki iliyotangulia jirani yao, Mama Kiende, alitembea kutoka kijijini hadi kwangu akasema anasikia mtu akilia ndani ya stoo ya huyo binamu. Nilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe kwenye kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio: ugomvi wa nyumbani. Landrova haikuwa na mafuta, basi hakuna aliyekwenda. Kitabu chenyewe kilikuwa chini ya kiwiko changu wakati ule unaniuliza.

Nikakwambia, "Mama, hizo ni siri za polisi. Andika barua kwa mkuu wa kituo."

Hukubishana. Ulikwenda ukapiga barua kwa taipu, ukaileta saa nane mchana, nikaigonga muhuri nikaiweka kwenye trei ya mkubwa. Ilikaa humo siku kumi na tisa. Nilikuwa nikiiona kila nikiingia kumpelekea chai. Nilijua jina lililo ndani, na nilijua jina lililo kwenye kitabu changu, na sikufungua mdomo. Sikuwa mtu mbaya, nadhani. Nilifunzwa kwamba habari ikishaingia kituoni ni mali ya kituo, nami nilikuwa mgeni, naogopa kuhamishwa.

Kisha Mama Kiende akarudi. Safari hii hakuniambia anasikia kilio. Alisema, "Siku hizi halii tena."

Nilichukua kitabu cha OB, kitu ambacho hakiruhusiwi kutoka dawatini, nikavuka nacho barabara mbio. Ulikuwa unakula mukimo kwenye kifuniko cha bakuli. Ulinitazama usoni, ukafunga mlango, ukatoa faili lako na kuniambia, "Soma yako, nisome yangu." Nikasoma mstari wangu, ukasoma wako. Mahindi, homa, kilio, kimya. Haikuchukua hata dakika tano. Dakika tano, Mama Makena, na barua ilikuwa imelala siku kumi na tisa.

Padri wa hapo karibu alituazima pikapu yake. Mkuu wa kituo alitaka kunikemea, ukamwambia, "Utamkemea tukirudi," na akapanda pamoja nasi. Yaliyobaki tuliyaona wote. Ile stoo, harufu ya dawa ya mahindi, na Kananu ameketi amefungwa mkono wa kushoto kwenye nguzo, anakutazama wewe kana kwamba umechelewa kidogo tu kwenye miadi.

Hospitali walimkata vidole viwili. Daktari alisema damu ilikuwa imekosa njia kwa muda mrefu, labda wiki mbili. Nilihesabu pale pale kwenye benchi. Wiki mbili. Ile asubuhi uliyoniuliza, vidole vile vilikuwa bado vizima.

Binamu alifungwa, na watu walitupongeza. Mkubwa alinisifu kwenye gwaride. Wewe ulijua kila kitu. Ulikuwa umeona tarehe ya ripoti ya kwanza ya Mama Kiende nilipokusomea, nilikiona kidole chako kikisimama juu yake. Nilingoja uniseme. Nilingoja mwezi mzima. Alhamisi moja nikajikaza, nikaanza, "Mama, ile siku ya kwanza," ukanisukumia kikombe na kusema, "Njeru, kunywa chai. Halafu niambie nani ameletwa wiki hii."

Ndivyo Alhamisi zetu zilivyoanza. Nilitaka tukutane pale Makutano kwenye hoteli, kuna maandazi mazuri, ukakataa katakata. "Majina ya watu si ya kutafunwa na maandazi." Ilikuwa ofisini kwako, mlango umefungwa, na hata humo ulinipunguza maneno. Nikianza kusimulia ugonjwa wa fulani au aibu ya ukoo wake, ulinyanyua mkono: hiyo haitusaidii kumlinda, iache. Mimi niliyekunyima jina moja, wewe ulinifunza ni lipi la kutoa na ni lipi la kuficha.

Na ukanifunza kuuliza. Unakumbuka Kananu alipotoka hospitali? Chifu alisema arudi kwa ukoo, mkubwa wangu akasema apelekwe kwa masista. Walibishana juu ya kichwa chake nusu saa. Kisha wewe ukachuchumaa mbele yake ukamuuliza anataka kukaa wapi. Akasema, "Kwa huyo wa mbuzi." Mama Kiende, mwenye mbuzi wake, alilia hapo hapo. Bado yuko kwake, ananenepa. Nilikwenda mwenyewe kumwambia Kananu kwamba umefariki. Akaniuliza, "Sasa nani ataniuliza?" Nilimsaidia kuingiza mbuzi.

Aliyechukua nafasi yako ni kijana anaitwa Muriuki. Mpole, msafi, faili zake zimenyooka. Alhamisi ya kwanza nilivuka nikamtajia mzee kipofu ambaye mwanawe alikuwa ameripotiwa kwetu kwa kumpiga. Akasema, "Afande, hilo litahitaji barua rasmi." Nilikaa. Nikamweleza habari za vidole vya Kananu, na kosa hilo hasa ni la nani. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Alisikiliza, akainuka, akafunga mlango, akavuta droo. Mzee alikuwa humo kwenye faili, na binti yake anayekaa Nchiru pia, aliyekuwa akimtafuta baba. Jumamosi binti alikuja kumchukua. Barua rasmi iliandikwa pia, usijali, ila ilifuata nyuma.

Sasa nami naondoka. Uhamisho umekuja, napelekwa Embu, kule chini kwenye joto kwa Wambeere. Nimefurahi kurudi karibu na nyumbani, na nimehuzunika kuacha barabara hii ninayoijua kuvuka.

Nisamehe zile siku kumi na tisa. Najua ulishasamehe. Lakini sikuwa nimeomba, na mtu anapaswa kuomba.

Naahidi hivi: nikifika huko, kabla sijafungua sanduku, nitamuuliza mtu wa kwanza nitakayemkuta getini ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, nami nitakwenda kwa miguu kujitambulisha. Nitawaambia jina langu, na kwamba nafanya kazi dawati la ripoti, na kwamba nimekuja kabla hawajaniuliza.

Lala vizuri, mama yangu.

Njeru