Maelezo ya Baba wa Mkimbiaji wa Mill Fork

KITUO CHA POLISI, MILL FORK, PENNSYLVANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dale Hrovat
Umri: Miaka 47
Kazi: Mchomeleaji, kiwanda cha matrela
Makazi: Barabara ya Tannery, Mill Fork
Tarehe: 31 Oktoba 2019, saa nne asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Tangu Jumatatu mji mzima unasema kwamba Bi. Annette Sowers, mhudumu wa afya wa timu ya shule, alimruhusu mwanangu Kolby kucheza akiwa na mtikisiko wa ubongo. Wanataka afukuzwe kazi na ashtakiwe. Bi. Annette hana kosa. Nitaeleza.

Kolby ana miaka 17. Katika mpira wetu wa Kimarekani yeye ni mkimbiaji: anakabidhiwa mpira, anaukumbatia, anajaribu kupenya katikati ya watu wanaotaka kumwangusha.

Kila Agosti, kabla ya msimu, wachezaji hupimwa kumbukumbu kwenye kompyuta. Mchezaji akigongwa kichwa baadaye, hupimwa tena na matokeo yanalinganishwa. Yakishuka, haingii uwanjani. Mnamo tarehe 12 Agosti, nikimpeleka Kolby shuleni, nilimwambia ajibu vibaya makusudi. Ni ujanja ambao akina baba tunanong'onezana hapa mjini: ukianzia chini, huna pa kushukia. Kolby alicheka akasema, "Baba, we noma." Nami nilivimba kichwa.

Jumamosi tarehe 19 Oktoba aligongwa kichwa uwanjani. Bi. Annette alimtoa palepale. Jumatatu akampima. Matokeo yalikuwa sawasawa na ya Agosti, akamruhusu. Angefanya nini zaidi? Alipomuuliza kama kichwa kinauma, mtoto alisema hakiumi.

Jumatano tarehe 23, yapata saa moja jioni, Kolby alitapika kwenye sinki la jikoni. Kisha akamwita mbwa wetu kwa jina la mbwa aliyekufa miaka minne iliyopita. Aliniambia, "Usimwambie mama. Jumamosi anakuja yule mtu wa chuo." Huyo mtu ndiye angempa ufadhili wa masomo, nasi hatuna njia nyingine ya kumsomesha. Kumtoa timuni, ilhali vipimo vilisema ni mzima, kulimaanisha kueleza habari ya Agosti, na nani angempa ufadhili mtoto aliyedanganya? Nilijifunga kamba mwenyewe na ncha yake sikuiona. Nikanyamaza.

Jumamosi tarehe 26, saa tatu na nusu asubuhi, nilikuwa mgahawani mtaa wa Front. Uwanja wetu hauna taa, kwa hiyo tunacheza mchana, na kabla ya mechi watu hukusanyika pale kula mayai na viazi na kupiga domo. Nilikaa ndani kabisa, ukutani. Pembeni yangu alikaa Butch Kowalczyk, dereva wa lori la kuondoa theluji barabarani, mtu wa kilo mia na thelathini. Mbele yetu alikaa Mzee Merle Yost, aliyecheza ulinzi enzi zake. Ubishi ulikuwa mmoja tu: mbio zetu na ukuta wa ulinzi wa Corley, wapinzani wetu wa siku hiyo, kipi kitavunjika kwanza.

"Mpe Kolby mpira mara thelathini," Butch alisema. "Wale watachoka wenyewe waombe maji."

Mzee Merle akasema, "Thelathini? We Butch, umewahi hata kukimbia kulifukuzia basi? Ukuta wa Corley msimu huu haujapitwa na mtu. Ukiupiga kichwa, kinachopasuka ni kichwa."

"Mzee, enzi zako mlikuwa mnazuia ng'ombe."

"Na ng'ombe walikuwa na akili kukushinda."

Watu walicheka mpaka mhudumu wa mgahawa akamwaga kahawa. Mimi nilisukuma sahani yangu pembeni. Nilitaka kutoka nje, nikamwambia Butch anipishe. Akasema, "Hutoki hapa mpaka useme. Wewe ndiye baba mtu. Anapita, hapiti?"

Wakati huo kocha, Bwana Ferrante, alikuwa kaunta akichukua kahawa. Aligeuka. Watu wakageuza shingo pamoja naye. Kocha akaniuliza, "Dale, kijana yuko sawa?"

Sajenti, huo ulikuwa mlango wangu wa kutokea. Ulikuwa wazi kabisa na mtu alikuwa ameushika. Neno moja tu lilitakiwa. Niliona aibu mbele ya watu niliokua nao. Nikasema, "Yuko sawa. Mpe mpira, atapita." Butch alinipiga mgongoni, watu wakagonga meza.

Mechi ilianza saa saba. Kolby alipewa mpira mara kumi na moja. Mzee Merle alisema kweli, ukuta ule haukupasuka. Mara ya kumi na moja, saa nane na dakika ishirini, walimwangusha watatu. Aliinuka, akatembea kuelekea benchi la Corley badala ya letu, akapiga magoti, akalala kifudifudi. Bi. Annette alifika wa kwanza. Usiku huo madaktari walimfungua fuvu kutoa damu.

Jana saa tisa alasiri, daktari alimwambia Kolby maneno matano ayashike: tufaha, daraja, kiatu, mvua, kengele. Baada ya dakika tano akamuuliza. Kolby alisema, "Tufaha." Nilimtazama usoni nikingoja anikonyeze, kwa sababu kujifanya nilimfundisha mimi. Hakunikonyeza. Alikuwa ameng'ata mdomo, jasho linamtoka, anajaribu kwa nguvu zake zote.

Mke wangu hajui habari ya Agosti. Nikitoka hapa naenda kumwambia.

Nimesomewa yote niliyosema. Ni yangu, na sitaki neno hata moja lilainishwe.

Sahihi: D. Hrovat

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Lorna Tibbets, kwa maneno ya shahidi mwenyewe, bila kumtisha wala kumwahidi lolote. Nilimshauri mara mbili atafute wakili, akakataa. Saa tano na dakika kumi nilimwambia yuko huru kwenda. Saa sita na nusu alikuwa bado ameketi.