Mkia wa Neno

Jumatatu, 3 Machi 1997

Dagaa nimeanika. Maji nimechota. Sasa maneno.

Leo Mwalimu Josia ametufundisha vichwa vya maneno. Ni mwenyeji, Muha wa Simbo, anatufundisha bure sisi tuliovuka ziwa kukimbia vita, kila jioni, kwenye chumba cha kanisa hapa Gungu. Anasema neno la Kiingereza hujengwa kama letu: shina katikati, kitu mbele, kitu nyuma. "Happy", mwenye furaha. Weka "un" mbele, furaha imekwisha. "Safe", "unsafe". Nimerudi nyumbani nikiyaimba njia nzima. Watu wamenitazama. Watazame tu.

Kifaransa nilichosoma Uvira hakinilishi hapa. Zahanati inatafuta wakalimani. Nafasi hiyo naitaka.

Jumanne, 4 Machi

Nimempeleka mama mkwe zahanati. Jicho la kulia. Kope zimegeukia ndani, zinamkwaruza kila akipepesa. Mume wangu amebaki ng'ambo, hatuna habari zake. Mama ndiye mtu pekee niliye naye upande huu.

Daktari wa macho ni Mzungu, anaondoka Ijumaa jioni. Mkalimani hakuwepo. Nikasema nitaweza.

Anaongea haraka. Nilikamata "blind", kipofu. Nilikamata "untreat", mwisho wake ukamezwa na kelele za foleni. "Treat" ni kutibu. "Un" ni hapana. Nikamwambia mama: halitibiki, litapofuka. Akainuka akatoka. Daktari alikuwa bado anaongea. Nilimkimbilia mama.

Hakulia. Alinishukuru kwa kumsindikiza. Afadhali angelia.

Jumatano, 5 Machi

Mama ameamka na kufumba macho yote mawili. Anapapasa ukuta, jiko, ndoo. Anajifunza chumba kwa mikono. Amenipa kitenge chake kizuri, eti rangi zake hazitamfaa tena. Nimekikataa. Amekiweka juu ya mkeka wangu.

Sikutaka kwenda darasani. Nimekwenda.

Leo mikia. "Washed", imeoshwa. "Washable", inaoshika. Mwalimu akachukua sahani yenye makombo ya ugali. Hii ni "unwashed", akasema. Haina ubaya wowote, inangoja maji tu.

Kalamu ilinidondoka. Nikamuuliza juu ya "treat". Akaandika ubaoni: "untreated", hajatibiwa. "Untreatable", hatibiki.

Mimi nilisikia mkia upi? Sijui. Nimejaribu kukumbuka mdomo wa yule daktari hadi kichwa kinauma. Sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimemwambia mama huenda nilikosea. Hakufumbua macho.

"Juzi halitibiki. Leo labda. Usinichezee, Riziki. Nilikuwa nimeshazoea."

Nimekwenda peke yangu. Mlinzi akasema bila mgonjwa siingii. Nikakaa mlangoni juani mpaka daktari alipotoka kunawa mikono. Nikamkumbusha jicho la mama. Nikauliza: untreated au untreatable? Nilivuta mikia yote miwili, mirefu, kama mtoto wa shule.

"Untreated," akasema. Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, na kuchora kope hewani kwa kidole. Wasipomtibu, atapofuka. Wakimtibu, hapana. Ni kupasua kidogo kwenye kigubiko cha jicho, hata hatalala wodini. Kesho asubuhi ndiyo nafasi ya mwisho.

Nimerudi mbio. Nikapiga magoti mbele ya mama, nikamwambia neno zima, kichwa, shina na mkia. Nikamwambia kosa ni langu, si la daktari. Akageuzia uso ukutani. Nilidhani amekataa.

"Nani atanishika mkono wakikata?"

"Mimi, Mama."

Akafumbua macho.

Ijumaa, 7 Machi

Wamempasua. Nilimshika mkono. Nilikuwa mkalimani wake, na kila nilipokosa neno nilimsimamisha daktari, hata mara ya pili, hata mara ya tatu. Alikunja uso. Sikujali. Sitakisia tena juu ya mwili wa mtu.

Mama alinifinya kwa kucha. Hakupiga kelele.

Muuguzi ameniuliza kama ninaweza kuja kuwasaidia na wengine. Nimemwambia nitakuja, ila nitauliza sana. Akasema wanaouliza ndio anaowataka.

Jumapili, 9 Machi

Jana wametoa bendeji. Jicho limevimba, jekundu, lakini halimkwaruzi. Daktari ameshaondoka.

Leo tumeshuka ziwani kufua. Upepo mdogo, maji matulivu. Mama amekaa juu ya jiwe, ananiangalia nikisuuza. Ameangalia kwa muda mrefu.

Halafu akasema nimekonda. Akasema hakujua nimekonda hivi. Tukifika nyumbani, atapika yeye.

Amepika.