Magoti Yangu Ndani ya Ndege

Mpendwa dada,

Jina lako silitaji, nisije nikakuharibia nyumba.

Wiki ya tatu sasa niko huku kwenye baridi, na magoti bado yananiuma. Ndege ile nadhani ilitengenezwa na watu wafupi kwa ajili ya watoto wao. Mimi, mlingoti wa mama, nilikunjwa kama mkeka. Magoti yaligota kiti cha mbele. Mwenye kiti akakilaza, akalala fofofo. Nikajaribu kukaa kiupande, jirani akanitupia jicho, nikarudi kujikunja.

Nikakumbuka mtumbwi uliotutoa Burundi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeshakupita kimo, na watu tumebanana hakuna pa kuweka hata kidole. Ukaichukua miguu yangu ukaipakata. "Ihangane, vumilia, Kigoma si mbali," ukanibembeleza. Tulipofika mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, miguu yako ilikuwa imekufa ganzi, ukateremshwa kwa kubebwa. Ndani ya ndege hakukuwa na wa kunipakata. Nililia, dada. Mhudumu aliponiuliza, nikasingizia pilipili, na chakula chenyewe hakikuwa hata na chumvi.

Mimi nilipelekwa kambini. Wewe ulishika njia ya Ujiji, ukasema u Muha, mwenyeji wa hapo hapo. Kiha na Kirundi ni chanda na pete, nani angekubishia? Ukaolewa huko huko, mtaa wa Rusimbi. Nilipokuja kukuona, uliwaambia wakwe zako, "Huyu kijana hutuletea maharage kutoka Kasulu." Nikala ugali wako kwa adabu ya mgeni, nikakuita mama mwenye nyumba. Njiani nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia.

Juzi, katika ofisi inayotupokea wakimbizi huku, mama mmoja aliniuliza, "Una ndugu aliyebaki Tanzania? Tukimwandika, huenda akakufuata."

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Niko mpweke, dada. Zipo siku sauti yangu mwenyewe siisikii. Lakini nikawaona wageni wenye mafaili wakibisha mlangoni kwako, wakimuuliza mumeo habari za mkimbizi anayeishi naye. Nikawaona wanao wamesimama nyuma yake.

"Sina," nikasema.

Akaandika hivyo hivyo, akafunga jalada.

Nisamehe. Ishi kwa amani hapo ulipopachagua. Wanao wakishakuwa watu wazima, wa kutunza siri, waambie wana mjomba.

Mdogo wako