Majibu ya Vivimbe Viwili

Dada Mwajuma, shikamoo. Wanangu hawajambo hapo Busi?

Dodoma ni upepo na vumbi. Leo yametoka majibu ya vipande vya nyama tulivyokatwa matitini, mimi na Mama Neema, karani wa Chamwino niliyelazwa naye hospitalini. Uvimbe wangu ulikuwa kama yai, wake kama harage, na siku zote hizi yeye ndiye aliyekuwa akinifariji.

Daktari akaniambia, "Ni saratani, ila uvimbe wako unalishwa na homoni. Vidonge vitaunyima chakula. Una matumaini makubwa." Mama Neema akaingia baada yangu, akatoka na kunieleza yake. Wake haulishwi na homoni, vidonge hivyo havitamfaa, tena ni mkali kuliko wangu.

Nilipigwa na butwaa, dada. Uvimbe mdogo vile! Nikaangua kilio, akanipangusa machozi kwa kanga yake. "Usinililie, mwenzangu, bado nipo. Hebu tule zabibu." Tukala bila kuangaliana.

Nibusie watoto. Nawe jipapase matiti leo hii, na ukigusa chochote kigumu, hata kama punje, panda basi uje. Nakupenda mno.

Mdogo wako, Zaituni