Karatasi Zilizokosa Kuwashia Jiko

Mpendwa Nekesa,

Sisi huku Shauri Moyo tu wazima. Mama yako Nafula amepona kikohozi, na goti langu limekubali ngazi tena.

Umeuliza mbona nyanya yako hatupi karatasi. Miaka ya tisini, kiwandani kwetu walinilipa marupurupu ya nyumba kimakosa mwaka mzima, yakakatwa kodi. Mwaka uliofuata wakataka niyarudishe yote, hata ile sehemu iliyokwenda kwa kodi. Nikarudisha. Ndipo karani mmoja akaniambia, "Baba Nafula, kodi ya pesa ulizorudisha unaweza kuidai. Leta karatasi za mshahara za mwaka ule."

Nilirudi nyumbani, nikamweleza nyanya yako. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikiziacha penye jiko, za kuwashia makaa.

Nyanya yako hakunigombeza. Alifungua kitabu chake cha nyimbo za kanisa, akatoa zote kumi na mbili. "Jiko nililiwasha kwa magazeti," akasema.

Kodi ilirudi baada ya miezi mingi. Karani nilimshukuru siku hiyo hiyo. Nyanya yako nimemshukuru leo asubuhi, baada ya kusoma swali lako. Ameichukua barua yako, akaiweka kitabuni.

Babu yako